Kauri Isiyosema Ikiwa Baridi

Kwenye gereji za magari kama Noah zinazobeba abiria wa stendi ya Bweri, taa ya injini ikiwaka, shauri la haraka huwa ni kununua sensa mpya ya oksijeni. Mimi namheshimu fundi anayeichomoa kwenye bomba la moshi na kuipima kwanza.

Ndani ya ganda la chuma la sensa mna kikombe kidogo cha kauri, zirkonia iliyochanganywa na itria. Mchanganyiko huo huacha nafasi tupu katikati ya atomu, na ioni za oksijeni husogea kwa kuzihamia hizo nafasi, kama abiria wanaosogea kiti baada ya kiti kumpisha anayepanda. Ndani ya kikombe kuna hewa, nje kuna moshi. Oksijeni ikipungua upande wa moshi, volti huzaliwa. Kauri ya jamii hii ndiyo Walther Nernst wa Ujerumani aliyotengenezea taa mwaka 1897. Kampuni ya Bosch iliingiza sensa ya kauri hii kwenye magari mwaka 1976.

Ila ikiwa baridi haisemi kitu. Ioni zinataka joto la nyuzi 300 na zaidi, na hapo ndipo ustadi unapoonekana. Fundi anaibana sensa kwenye jiriwa, anaunga mita ya dijiti kwenye waya wa ishara na wa hasi. Mita ya mshale haifai, maana umeme huu ni hafifu mno na mita hiyo ingeunyonya wote. Halafu anawasha tochi ya gesi, anaielekeza kwenye ncha, anangoja.

Kitambo kirefu ni sifuri. Hasogezi moto, hagusi waya. Ncha inapoanza kuwa nyekundu, tarakimu za volti zinapanda: 0.3, 0.6, karibu 0.9, kwa kuwa ndimi za moto zimekula oksijeni ya nje. Anaondoa moto. Sensa nzima hushuka chini ya 0.2 upesi, iliyochoka hujikokota. Anarudia tena na tena, macho yakiwa kwenye ule mshuko, kwa sababu kupanda peke yake hakuthibitishi uzima.

Ikishuka vizuri kila mara, anairudisha mahali pake, kisha anainama kukagua gasketi ya manifoldi. Ufa mdogo hapo huingiza hewa kwenye moshi, na sensa nzima ikaripoti oksijeni ambayo injini haikuitoa.