Makala Tano Zenye Jina Moja

Mwaka 1973 jarida la Journal of Experimental Medicine lilichapisha makala ya Ralph Steinman na mwalimu wake, Zanvil Cohn, wote wa Chuo Kikuu cha Rockefeller jijini New York. Kichwa chake kilieleza kutambuliwa kwa aina mpya ya seli katika viungo vya kinga vya panya, na mwisho wake iliwekwa namba ya Kirumi: I. Mwaka uliofuata zikatoka II na III. IV ikaja 1975. V ikasubiri hadi 1979. Kichwa kikuu hakikubadilika.

Napenda kusoma orodha za machapisho za wanasayansi, na hii ndiyo ninayoirudia kuliko zote. Kamati nyingi za ajira na za kupandisha vyeo huanzia kwenye hesabu: makala ngapi, zimenukuliwa mara ngapi, katika majarida ya daraja gani. Mimi huanzia kwenye mwaka wa kwanza, nikishuka taratibu na kuangalia swali lilianzaje na lilifuatwa kwa uaminifu kiasi gani.

Steinman alizaliwa Montreal, Kanada, mwaka 1943, akasomea udaktari Harvard, na mwaka 1970 akaingia katika maabara ya Cohn. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba limfosaiti, seli nyeupe za kinga, zikiachwa peke yake katika chombo cha maabara hazitengenezi kingamwili ipasavyo. Zilihitaji seli nyingine za kuzisaidia, zile zinazong'ang'ania kioo. Wengi waliamini kuwa wasaidizi hao ni makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na kuvisaga, na Cohn mwenyewe alikuwa bingwa wa makrofaji. Steinman akachukua seli za wengu wa panya zilizoshika kioo, akazitazama kwa hadubini zingali hai. Kati yake akaona chache za ajabu. Zilikuwa na matawi, zikiyanyoosha na kuyakunja bila kutulia, na hazikuwa na ulafi wa makrofaji. Wakaziita seli za dendriti.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia hasa. Kichwa kidogo cha makala ya kwanza kinataja mambo matatu tu: umbo la seli, wingi wake, na viungo zinamopatikana. Zilikuwa kiasi cha 1% ya seli za wengu, basi. Kazi ya seli hizo haikupewa nafasi katika kichwa hicho. Makala ya pili ikachunguza tabia zake ndani ya chombo cha maabara, ya tatu ikachunguza tabia zake ndani ya mnyama aliye hai, ya nne ikazitafuta zinapokaa katika wengu, na ya tano ikaonyesha namna ya kuzitenga na nyingine na alama za kuzitambulia. Nikizisoma kwa mfuatano namkumbuka fundi wa jahazi anayepiga kalafati: haendi kwenye ubao wa pili kabla mwanya wa kwanza haujazibwa sawasawa.

Kati ya ya nne na ya tano kuna makala nyingine, ya mwaka 1978, aliyoandika na Margaret Witmer katika jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Walichanganya limfosaiti za panya mmoja na seli za panya wa ukoo mwingine, wakapima ni seli zipi zinazoziamsha kupambana. Seli za dendriti zilikuwa na nguvu angalau mara 100 kuliko nyingine. Matokeo ya namna hiyo yangeweza kumlewesha mtafiti. Steinman alirudi kwenye kazi ya kuzitenga.

Alikuwa na sababu. Wataalamu wengi wa kinga walizitilia shaka seli hizi kwa miaka mingi, kwani zilikuwa chache, zilichanganyika kwa urahisi na makrofaji, na maabara nyingine zilipata taabu kuzipata. Ningetarajia kukuta katika orodha yake makala za kubishana. Ninachokuta ni mbinu. Mwaka 1982, yeye na Michel Nussenzweig wakatoa kingamwili iliyoitwa 33D1, inayoshika seli za dendriti za panya na kuacha makrofaji. Mwaka 1992, mtafiti wa Kijapani Kayo Inaba, aliyeshirikiana naye kwa miaka mingi, akaongoza makala iliyoeleza jinsi ya kuzikuza kwa wingi kutoka kwenye uboho wa panya kwa kutumia kichocheo kinachoitwa GM-CSF.

Kwa maoni yangu, hiyo ya 1992 ndiyo bawaba ya orodha nzima. Kabla yake, aliyetaka kuzichunguza seli hizi ilimbidi awe na subira kama ya Steinman. Baada yake, maabara yoyote yenye panya na vifaa vya kawaida iliweza kuzipata kwa mamilioni. Nukuu zikafurika, kwa sababu kila aliyekuza seli hizo alilazimika kutaja alikojifunzia. Sijui heshima ya kisomi iliyo safi kuliko hiyo: mtu anakutaja kwa kuwa leo asubuhi ameifuata njia yako hatua kwa hatua, nayo imemfikisha.

Sasa tazama vipimo tunavyotumia. Eugene Garfield alianzisha faharasa yake ya nukuu mwaka 1964, na humo kikachipuka kipimo cha uzito wa majarida, kinachohesabu nukuu za mwaka mmoja kwa makala zilizotoka katika miaka miwili iliyotangulia. Kwa kipimo hicho makala ya 1973 ilikuwa na 1974 na 1975 tu za kuhesabiwa, yaani wakati ambapo wengi walikuwa hawajaiamini. Kazi inayokuja kuaminiwa baada ya miaka kumi au ishirini haionekani kabisa. Na kilichonukuliwa sana katika orodha ya Steinman ni makala ya mapitio aliyoandika na Jacques Banchereau katika Nature mwaka 1998, ikikusanya robo karne ya utafiti. Imenukuliwa zaidi ya mara 10,000. Sioni dhuluma hapo, maana imeandikwa kwa uangavu mkubwa na watu hunukuu walichosoma. Lakini anayemhukumu mtafiti kwa namba iliyo juu kabisa ataishia 1998, asifike kamwe kwenye wengu wa panya.

Cohn alifariki mwaka 1993. Steinman mwenyewe alifariki tarehe 30 Septemba 2011 kwa saratani ya kongosho, baada ya kujaribu kwenye mwili wake tiba zilizotengenezwa kwa seli zilezile alizozitambua. Siku tatu baadaye, pasipo kamati ya tuzo kujua kuwa amefariki, alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel pamoja na Bruce Beutler na Jules Hoffmann. Tuzo haikufutwa.

Seli hizo zimefika pia pwani yetu. Mwaka 1999 Britta Urban na wenzake wa Oxford walionyesha katika Nature kwamba chembe nyekundu za damu zenye vimelea vya malaria, zikigusana na seli za dendriti, huzizuia kukomaa, hivyo hushindwa kuziamsha seli T, ambazo ni aina ya limfosaiti. Hayo yalikuwa ya maabara. Mwaka 2001, pamoja na watafiti wa Kilifi, Kenya, akiwemo Kevin Marsh, walichapisha katika jarida la Blood vipimo vya damu ya watoto. Seli za dendriti za watoto waliokuwa wakiugua malaria zilikuwa na HLA-DR pungufu kuliko za watoto wenye afya. Hiyo ndiyo molekuli inayoshika vipande vya kijidudu na kuvionyesha kwa seli T; ikipungua, seli T hukosa cha kuona. Kama upungufu huo ndio unaomfanya mtoto wa Kilifi augue malaria tena na tena kabla kinga yake haijakomaa ni swali la makala nyingine, nalo lingali linafanyiwa kazi.