Kozi wa Senti 25

Mwaka 1965 posta ya Morisi, kisiwa kilichokuwa bado koloni la Uingereza, ilitoa stempu 15 za ndege zilizochorwa na D. M. Reid-Henry. Wakusanyaji wa stempu za ndege adimu huitafuta seti hii kwa uzuri wake, na hawakosei. Manyoya yamechorwa kwa mkono usio na haraka. Lakini mimi naomba tuisome kama tunavyosoma diwani, tukiangalia nani kawekwa wapi.

Kuanzia senti 2 hadi senti 50 kuna ndege kumi, wote wakiwa hai wakati huo. Kasuku wa kijani ni senti 15, kozi wa Morisi 25, njiwa wa waridi 35. Ukivuka hapo unaingia makaburini. Senti 60 ni njiwa wa buluu aliyekwisha kutoweka. Rupia 1 ni dodo (siyo embe, jamani). Rupia 2 na nusu ni ndege solitaire wa kisiwa cha Rodrigues, rupia 5 ni ndege mwekundu asiyeruka, na kileleni, kwa rupia 10, kasuku mwenye mdomo mpana. Marehemu watano, na hakuna aliye hai anayeifikia thamani ya hata mmoja wao.

Mtu ataniambia stempu za bei kubwa huhitaji picha za kuvutia, na dodo ndiye sura ya kisiwa. Yumo kwenye nembo yake tangu 1906. Ni kweli, ila utetezi huo hauniridhishi. Stempu ya bei ndogo ndiyo inayolambwa, inayobandikwa kwenye barua ya kawaida, ikagongwa muhuri na kuishia jalalani. Iwe ilikusudiwa au la, seti inasema ndege hupanda bei akishakufa.

Miaka tisa baadaye, 1974, kozi waliojulikana kubaki porini walikuwa wanne. Misitu ilikuwa imefyekwa, na sumu ya DDT ilikuwa imefanya yake. Waliokolewa na kazi ya subira, ambayo Carl Jones ndiye anayekumbukwa nayo zaidi: kuchukua mayai viotani, kuyaatamisha, kulea makinda na kuyarudisha msituni. Njiwa wa senti 35 naye alifikia kama kumi tu porini mwanzoni mwa miaka ya 1990, kabla hajaanza kuongezeka.

Hapo ndipo neno "adimu" linaponikera. Msituni ni msiba, kwenye albamu ni sherehe, nasi wakusanyaji tunalitamka kwa sauti ileile. Katika albamu nilizoonyeshwa, dodo hukaa katikati ya ukurasa, safi, hajaguswa na muhuri. Kozi huwa pembeni, wino umemfunika jicho.