Istilahi za Maendeleo na Biashara ya Nje: Baadhi ya Kasoro

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya tafsiri ya kijitabu cha uchumi kilichokusudiwa kusomwa na madiwani na watendaji wa kata. Kwa jumla rasimu hiyo ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili safi, wala hatukuona haja ya kuigusa sana. Lakini katika sura ya pili palikuwa na sentensi isemayo kwamba "masharti ya biashara ya nchi zisizoendelea yamezidi kuwa mabaya", na pembeni yake mtumishi mmoja aliyeisoma kabla yetu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: "Nani aliyeyaweka masharti haya, nasi kwa nini tusiyakatae?"

Swali hilo ni la haki kabisa. Mswahili akiambiwa kuna masharti, hujua kuwa yupo aliyeyatoa na yupo aliyeyakubali. Ndivyo lilivyo neno hili kwa mganga, kwa mwenye nyumba na kwa mwajiri. Ila mwandishi wa kijitabu hakuwa akizungumzia mapatano yoyote. Alikuwa akieleza uwiano kati ya bei za vitu ambavyo nchi huviuza nje na bei za vitu inavyoviagiza kutoka nje. Neno la Kiingereza lililotafsiriwa lina maana nyingi, na mtafsiri alichukua ile aliyoizoea katika mikataba.

Dhana yenyewe si ngeni kwetu. Mwalimu Nyerere aliifafanua kwa mfano wa mkonge na trekta: mwaka 1965 trekta moja liliweza kununuliwa kwa fedha za tani 17.25 za mkonge. Mwaka 1972 trekta la aina ile ile lilihitaji tani nyingi zaidi. Katika mfano huo hapana sharti hata moja lililobadilishwa, wala hapana mkataba uliotiwa saini upya. Mkonge ni ule ule, trekta ni lile lile. Kilichogeuka ni kima cha kimoja dhidi ya kingine.

Kwa nini kima kikageuka? Hapo ndipo wanauchumi wanapohitilafiana, na ndipo tafsiri mbaya inapodhuru. Mwaka 1950 Raúl Prebisch wa Argentina na Hans Singer walitoa, kila mmoja kwa upande wake, hoja kwamba bei za mazao ghafi zina mwelekeo wa kushuka zikilinganishwa na bei za bidhaa za viwandani. Singer alieleza kuwa watu wakizidi kupata fedha hawazidishi kiasi kile kile kununua vyakula na malighafi. Prebisch aliongeza kwamba katika nchi za viwanda, ufanisi ukiongezeka, matunda yake hubaki huko huko kama mishahara na faida, kwa sababu vyama vya wafanyakazi na makampuni yana nguvu. Kwa wakulima wa mazao ghafi, ufanisi ukiongezeka, bei hushuka na matunda humwendea mnunuzi. Mkonge wetu ulipatwa na jambo jingine tena: nyuzi zilizotengenezwa kwa mafuta ya petroli zilichukua soko la kamba. Wapo wanauchumi wanaopinga kwamba mwelekeo huo ni wa kudumu, na hoja zao zina uzito. Lakini msomaji aliyepewa "masharti" hawezi kuwafuata hawa wala wale. Yeye anamtafuta mtu aliyeandika karatasi.

Ubaya unazidi kwa kuwa masharti ya kweli pia yamo katika historia hiyo hiyo. Tanzania ilipokubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, masharti yalikuwapo, yameandikwa, na mtu aliweza kuuliza ni ya nani. Dawa za mambo haya mawili ni mbalimbali. Masharti ya mkopo hujadiliwa mezani. Kuporomoka kwa bei kulitafutiwa dawa kwa njia kama Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa 1962, uliozigawia nchi viwango vya kuuza ili bei isianguke, mpaka utaratibu wa viwango hivyo uliposimamishwa mwaka 1989. Lugha inayoyaita yote mawili masharti inamnyima diwani uwezo wa kuuliza ni ipi kati ya dawa hizo inayozungumzwa.

Tunapendekeza "kima cha mabadilishano". Neno kima linafahamika kwa kila mfanyakazi kutokana na kima cha chini cha mshahara, nalo lina ladha ya kipimo na thamani kwa pamoja. Wenye kuona kuwa limefupishwa mno wanaweza kusema "uwiano wa bei za mauzo na manunuzi ya nje", ingawa tunahofia kuwa hakuna atakayelimaliza kulitamka mara mbili katika mkutano mmoja.

Katika rasimu ile ile tulikuta pia "faida linganifu". Linganifu ni kile kinachopatana na kingine au kilicho sawa pande zote. Kinachotakiwa hapa ni linganishi. Na faida, kwa sikio la mtu wa sokoni, ni fedha inayobaki baada ya gharama. David Ricardo, alipoieleza dhana hii mwaka 1817, hakuwa akipima fedha iliyobaki. Alikadiria kwamba Ureno ingehitaji watu 80 kwa mwaka kutengeneza mvinyo na 90 kutengeneza nguo, na Uingereza 120 kwa mvinyo na 100 kwa nguo. Ureno ina uhodari zaidi katika yote mawili, lakini kila nchi huokoa nguvu za watu ikishika kazi inayoiwia nyepesi zaidi kuliko nyingine. Jambo hilo ni nafuu, si faida. Kwa hiyo tunasema "nafuu linganishi". Nafuu ina uzuri mwingine, kwamba humfanya msomaji aulize imetoka wapi. Kwa mkataba wa 1703 Ureno ilikuwa imekwisha kufungulia milango nguo za sufu za Waingereza, nao Waingereza wakapunguza ushuru wa mvinyo wa Wareno. Ricardo hakuliuliza hilo. Wakosoaji wake wa baadaye waliliuliza.

Tulilobishana zaidi ofisini ni neno lenyewe maendeleo. Kuendelea ni kitenzi cha msafiri: hutokana na kwenda, na mwenye kwenda ni yeye mwenyewe. Ukisema "nchi zilizoendelea" na "nchi zinazoendelea" umekwisha kuchora njia moja, wengine wamefika na wengine wamo njiani. Hiyo ndiyo nadharia ya W. W. Rostow, aliyeandika mwaka 1960 kuwa kila jamii hupitia hatua tano, kuanzia jamii ya jadi mpaka zama za matumizi makubwa ya watu wote. Tena sikio la Kiswahili lina mzaha wake: anayeendelea vizuri ni mgonjwa ambaye bado hajapona.

"Nchi zisizoendelea" ni baya zaidi, kwa kuwa humlaumu msafiri kwa kukaa kitako. Hoja ya Andre Gunder Frank, aliyoitoa mwaka 1966 kutokana na historia ya Amerika ya Kusini, ilikuwa kinyume chake: hali ya nchi hizo si ya asili, bali imezalishwa na ubepari ule ule uliozitajirisha nchi nyingine. Walter Rodney, Mguyana aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alilifanya jambo hilo kuwa kitenzi chenye mtenda na mtendwa katika jina la kitabu chake kilichochapishwa London na Dar es Salaam mwaka 1972: Ulaya ndiye mtenda, Afrika mtendwa. Kutafsiri kitenzi hicho kwa "kutoendelea" ni kumfuta mtenda, na pamoja naye kuifuta hoja nzima.

Kudunisha hakutoshi, maana hushusha hadhi tu. Kudidimiza kuna nguvu, lakini kinachodidimia huzama na kutoonekana. Sisi tunaelemea kwenye kudumaza. Mtoto aliyedumaa hakukosa umri. Alikosa chakula, na mama yeyote anajua tofauti hiyo. Hata hivyo hatujaridhika sana. Aliyedumaa ameacha kukua, na Frank na Rodney walisema kuwa kitu kilikuwa kikikua kweli, reli zikijengwa na mashamba yakipanuliwa, ila kwa kupindishwa kuelekea bandarini. Mwenye neno bora atuletee.

Kwa upande wa kitenzi cha kutendesha, Nyerere alisema mwaka 1968, katika "Uhuru na Maendeleo", kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe. Waandishi wa taarifa za miradi wangezingatia sarufi hiyo. Kinachoendelezwa ni kiwanja.

Kuhusu "uchumi wa kati" hatutasema mengi. Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini, kwa kuwa pato la kila mtu lilifika dola 1,080 na mpaka wa kundi ulikuwa dola 1,036. Istilahi hiyo hupima wastani wa kipato, si muundo wa uchumi, na neno "chini" halikuwa pambo la kudondoshwa njiani.

Rasimu tumeirudisha kwa wenyewe. "Nchi zinazoendelea" tumeliacha, kwa kuwa limekwisha kuenea na aliyelitumia alikusudia njia ya Rostow. "Masharti ya biashara" tumeyafuta mahali kumi na moja. Mahali pa kumi na mbili, palipotajwa biashara ya nje chini ya mkopo wa 1986, tumeyaacha, kwa sababu pale yalikuwa masharti kweli.