Muyaka wa nani? Juu ya marejeo katika insha za fasihi



Nasomesha Kiswahili huku Uingereza, na kila mwaka napokea insha juu ya Muyaka bin Haji wa Mombasa. Fikra mara nyingi ni nzuri tu. Balaa ni marejeo. Mwanafunzi anachukua beti kwenye tovuti isiyo na jina la mhariri, anatia kitabu kimoja cha Kiingereza mwishoni ili insha ipate heshima, basi kamaliza. Siku hizi kuna na hizi programu za akili mnemba: zinakutungia jina la makala pamoja na kurasa zake, ukenda kutafuta hukuti kitu.

Lakini ugomvi wangu si na hao, maana uongo wa namna hiyo unashikika kwa dakika tano. Ugomvi wangu ni na wale wanaofanya "sawasawa". Wametaja kitabu cha chuo kikuu, mwaka, ukurasa, na bado hawajui maneno wanayoyachambua yametoka mkononi mwa nani.

Hebu tuifuate njia yenyewe. Muyaka alifariki karibu na 1840, na mashairi yake yakabaki vifuani mwa watu wa Mombasa. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi (alofariki 1890) akayakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu. Mmishonari W. E. Taylor, aliyefanya kazi naye, akayahamishia hati za Kirumi na kutia maelezo. William Hichens akazitumia karatasi za Taylor kuchapisha Diwani, Johannesburg, 1940. Halafu 1979 Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz akatoa kitabu chake Nairobi, chenye tafsiri ya Kiingereza na utangulizi mrefu.

Sasa hesabuni mikono hiyo. Na kuhamisha hati si kunakili tu. Kwa hati za Kiarabu za zamani kasra ni moja kwa i na e, dhamma ni moja kwa u na o. "Penda" na "pinda" ukiziona hapo ni ndugu pacha. Aliyeamua ni ipi kati ya mbili keshafasiri shairi kabla mhakiki hajanyanyua kalamu.

Kisha wanakuja wenye tovuti na usanifishaji wao. Kimvita husema mato, ndia, nti. Mtu akiona "mato" anaandika "macho". Mizani haikuharibika, silabi mbili ni mbili, sikio halishtuki. Lakini ikiwa kina cha utungo ni -to, kimekufa hapo. Nimesoma insha inayosema kwa kujiamini kabisa kwamba Muyaka hakujali vina. Muyaka! Jamani.

Kwa hivo mimi kuaminika kwa rejeo sikupimi kwa muhuri wa mchapishaji peke yake. Napima kwa jambo moja: je, naweza kurudi nalo nyuma mpaka kwenye hati? Diwani ya 1940 ina muhuri wa chuo kikuu, lakini jina lake kamili lenyewe linasema kuwa khabari za maisha ya Muyaka "zimehadithiwa" na Hichens. Basi zitajwe kama masimulizi, si kama daftari la serikali. Abdulaziz ndiye wa kuanzia, kwa rai yangu; anaijua Mombasa na lugha yake, na anaeleza shairi lilisemwa kwa ajili gani. Ila tafsiri ni yake yeye, haitoshi kuwa hoja dhidi ya mshairi. Na jarida la Swahili Forum liko wazi kwenye intaneti, bila ya senti moja, sijui kwa nini watu wanalipita.

Linaloniuma zaidi ni hili. Insha nilizosoma msimu uliopita zinaandika "Taylor alikusanya mashairi ya Muyaka". Mwalimu Sikujua hamna, hata kwenye tanbihi. Mwanachuoni aliyezunguka mji wake akiokoa maneno yasipotee amegeuzwa kuwa kalamu ya mtu mwengine, na wanaoyaandika hayo wengine ni watoto wetu wenyewe, waliozaliwa huku London.

Nimebadilisha swali. Sasa wanapewa shairi moja tu, wanalinganisha chapa ya 1940 na ya 1979 neno kwa neno, halafu waende SOAS kwenye karatasi za Taylor. Wamenung'unika sana. Wawili wameshaweka miadi na maktaba.