Profesa Lihamba na Ufundi wa Kukaa Kimya

Ukitaka kujua kama mwigizaji ameiva, usimtazame wakati anasema. Mtazame wakati mwenzake anasema. Hapa Shirimatunda, Moshi, nimetazama maigizo mengi ya Krismasi na Pasaka, ya vijana wenye vipaji vya kweli, na kasoro ninayoiona ni ile ile: kijana akimaliza maneno yake, anazimika. Anaangalia dari, anavuta vizuri shuka aliyoigeuza joho la Herode, anangoja zamu yake nyingine. Miguu iko jukwaani, mwenyewe ameshaondoka.

Vijana hao huwa nawatajia Amandina Lihamba. Katika filamu ya Maangamizi: The Ancient One ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, yeye ni Samehe, mgonjwa aliyekaa miaka mingi katika hospitali ya akili bila kutamka neno. Huo ni mtihani mzito. Mwanamke aliyezaliwa Morogoro mwaka 1944, akapata shahada ya uzamivu Leeds, Uingereza, akawa profesa wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu ambaye kazi yake yote imekuwa kusema mbele ya watu, ananyang'anywa sauti. Anabaki na macho, shingo, pumzi na namna ya kuketi. Na bado yeye ndiye unayemfuata, kwa sababu kila anachoambiwa unakiona kinamwingia.

Ukimya ule, kwa maoni yangu, hakuupata mbele ya kamera. Aliupata vijijini. Mwaka 1982 na 1983 yeye, Penina Muhando Mlama na wenzao walifanya kazi ya maigizo pamoja na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakwenda na tamthilia iliyokwisha kuandikwa. Katika sanaa ya aina hiyo msanii hufika, huishi na wenyeji, huuliza na kusikia. Jambo wanalolilalamikia wenyewe ndilo linalotungiwa mchezo, kwa ngoma na nyimbo za pale pale, na wanakijiji ndio wachezaji. Malya jambo hilo lilikuwa mimba za wasichana. Mchezo ukiisha, hakuna kupiga makofi na kwenda nyumbani. Mjadala ndio kwanza unaanza. Mwongozaji asiyejua kunyamaza hawezi kazi hiyo hata kidogo. Miaka ya tisini Lihamba na Mlama waliipeleka njia hiyo shuleni kwa mradi wa Tuseme, ili wasichana wa sekondari waigize wenyewe yale yanayowakwamisha katika masomo.

Hata tamthilia zake zina sikio hilo. Hawala ya Fedha, ya mwaka 1980, ameijenga juu ya hadithi ya Sembène Ousmane wa Senegal: mzee anatumiwa fedha na ndugu aliye Ufaransa, majirani wanapata habari kabla yeye hajazishika, na ofisi zinamzungusha. Nani Uchaggani hamjui mzee huyo? Tuna watoto Dar es Salaam na ng'ambo, na Desemba ikikaribia kila simu inayolia ina matumaini ndani yake. Lihamba aliisikia hadithi ya Dakar akatambua kwamba ni ya kwetu.

Nawaomba walimu wa sekondari wa Shirimatunda na Moshi nzima: wapeni wanafunzi tamthilia hiyo waicheze, isiwe ya kujibia maswali ya mtihani tu. Na siku ya kwanza ya mazoezi msiwagawie maneno. Waketisheni wawili wawili, mmoja asimulie jambo lililompata, mwenzake asikilize. Kisha aliyesikiliza ndiye ainuke aigize.