Msongo wa Mawazo kwa Vijana: Rosa na Umu

Mtahiniwa anapoulizwa kuhusu matatizo ya vijana katika riwaya, aghalabu huorodhesha: umaskini, mimba za mapema, ukali wa wazazi, dawa za kulevya. Orodha hiyo si kosa, ila haitoshi. Inataja kilichomwelemea kijana. Haielezi kwa nini mmoja anaangamia na mwingine anasimama.

Tuwalinganishe wahusika wawili. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, Zakaria anampiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Tangu hapo Rosa anajua kwamba nyumbani mambo hayo hayatajwi. Regina, mamake, anampenda, lakini naye anamwogopa Zakaria. Hivyo Rosa anaingia shuleni na chuoni bila mshauri. Charles anapovunja uchumba kwa sababu ya mienendo yake ya awali, hana wa kumtulizia moyo, naye anajitoa uhai. Tumezoea kusema mficha maradhi kifo humuumbua. Kezilahabi anatulazimisha kuuliza: ni nani aliyemfundisha Rosa kuficha?

Sasa mtazame Umu katika Chozi la Heri (2014) ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Babake amefariki, mamake ameondoka, nduguze wawili wameibwa na Sauna, kijakazi wao. Mzigo wake si mwepesi kuliko wa Rosa. Hata hivyo, shuleni anakaa na Kairu, Mwanaheri, Zohali na Chandachema, na kila mmoja anasimulia yaliyompata. Umu anatambua kwamba hayuko peke yake.

Watahiniwa wengi huziona simulizi hizo kama visa vya pembeni. La! Hapa mbinu ya hadithi ndani ya hadithi inabeba maudhui yenyewe: kusimulia na kusikilizwa ni sehemu ya tiba. Ni sehemu tu, kwani Umu alihitaji pia makao, akayapata kwa Mwangeka na Apondi.

Basi mtahiniwa, ukishataja chanzo cha msongo, ongeza swali hili: mhusika alikuwa na nani wa kumsikiliza? Jibu lako litapata kina. Nawe mwalimu, ukifunza sura hizi, usikimbilie kuandika hoja ubaoni. Huenda Rosa yumo darasani mwako, amenyamaza.