Fundi Anayeileta Jioni Asubuhi

Makosa mengi ya umeme hayana subira. Nyaya zisizopaswa kukutana zikikutana, cheche inaruka papo hapo, breka inakata, na fundi anapata habari kabla hajashuka ngazi. Kosa la tayma, ile swichi inayoendeshwa na saa, hujua kusubiri. Fundi amefunga saa nne asubuhi, amepandisha breka, imekaa. Kisahani cha saa kinazunguka, mwenye nyumba ameridhika, hela imetoka, bodaboda imeondoka na fundi wake. Saa kumi na mbili jioni, taa za ukuta zinapotakiwa kuwaka, breka inaanguka na sebule nayo inabaki gizani. Ukimpigia simu fundi ataapa kwamba kazi aliiacha nzima. Na kweli, alivyoiona yeye ilikuwa nzima.

Ndiyo maana namheshimu fundi anayejua kufunga tayma kuliko yule anayejisifu kwa nyumba nzima aliyoitandaza nyaya kwa wiki moja. Soketi inataka mkono uliozoea. Tayma inataka mkono huo huo pamoja na kichwa kinachoweza kuiwaza saa ambayo mwenye mkono hatakuwapo.

Mambo yote yanaanzia kwenye skrubu. Tayma zinazouzwa Kariakoo kwa ajili ya taa za nje na pampu za maji nyingi ni za aina mbili. Ya kwanza ina skrubu nne: fesi na nyutro zinaingia upande mmoja, fesi na nyutro zinatoka upande wa pili. Hii haina fumbo. Ya pili ina skrubu tano, na hapa ndipo mafundi wanapotengana. Skrubu mbili ni za kuilisha saa yenyewe, basi. Tatu zilizobaki hazina umeme wowote wa kwao. Ni swichi tu kama ile ya mlangoni, ila kidole kinachoibonyeza ni saa. Kati ya hizo tatu, moja ni ya pamoja, nyingine hukutana nayo wakati uliopangwa kuwasha, na ya mwisho hukutana nayo wakati wa kuzima.

Sasa mfuate fundi asiyesoma mchoro ulio ubavuni mwa kifaa. Analisha saa vizuri, kisha anaunga fesi na nyutro za taa kwenye skrubu mbili kati ya zile tatu, akiamini umeme utatokea hapo wenyewe. Taa haiwaki. Anafikiri: skrubu hizi zinakosa chakula. Analeta fesi kwenye ile ya pamoja, jambo ambalo ni sahihi kabisa, halafu, kwa kuwa mkono umezoea kwenda na waya mbili, analeta na nyutro kwenye skrubu ya pili. Kwa wakati huo breka haikati, maana swichi iko wazi. Lakini ameshatega. Saa ikifika, tayma inafanya kazi yake kwa uaminifu: inaikutanisha fesi na nyutro bila taa katikati. Hiyo ni shoti kamili, iliyowekewa ratiba.

Njia iliyo sawa ni fupi mno kiasi cha kuaibisha. Kipande cha waya kinatoka kwenye fesi inayolisha saa kwenda skrubu ya pamoja. Kutoka skrubu ya kuwasha, fesi inakwenda kwenye taa. Nyutro ya taa haiingii kwenye swichi kabisa, inapita pembeni na kurudi kwao. Waya wa ethi nao hauna shughuli na saa, unakwenda moja kwa moja kwenye bodi la chuma la taa. Ukiona fundi ameifungua tayma na jambo la kwanza analofanya ni kuvaa miwani na kusoma ule mchoro mdogo, mwongezee chai.

Wengi huilaumu breka, na wapo wanaoiadhibu. Ya ampea 10 ikikata mara mbili, wanaing'oa na kuweka ya 32, kisha waya wa milimita za mraba moja na nusu uliomo ukutani unaachwa ubebe mzigo ambao haukuandaliwa kwa ajili yake. Hakuna jambo la hovyo kuliko hili katika ufundi wote wa umeme wa majumbani. Breka ndogo ya aina tunayoitumia leo ilibuniwa katika kampuni ya Hugo Stotz kule Mannheim, Ujerumani, na hataza yake ni ya mwaka 1924. Ndani yake mna walinzi wawili. Mmoja ni ukanda wa metali mbili unaojikunja taratibu mzigo unapozidi kwa muda. Mwingine ni koili ya sumaku isiyongoja, inayofyatua papo hapo mkondo unaporuka ghafla. Fundi mzuri husoma namna breka ilivyokata. Ikikata sekunde ile ile tayma inapowasha, ni sumaku, atafute shoti au mwanzo mzito wa mota. Ikikata baada ya nusu saa, ni joto.

Huo mwanzo mzito wa mota ndio unaowasumbua wenye pampu. Pampu ya kusukuma maji hadi kwenye simtanki juu ya mnara, hata ikiwa ndogo, huvuta wakati wa kuanza mkondo unaoweza kufika mara tano, sita au zaidi ya ule wa kawaida. Breka yenye herufi B hufyatuka kati ya mara tatu na tano ya kiwango chake, ile ya C kati ya tano na kumi. Kwa hiyo kwenye mota mara nyingi dawa ni kubadili herufi. Ampea zinabaki zile zile na waya unaendelea kulindwa. Kisha itazame tayma yenyewe. Ubavuni pameandikwa 16, na pembeni yake, ndani ya mabano, namba ndogo zaidi, aghalabu 4 au 2. Namba kubwa ni ya mizigo mipole kama hita. Ya mabano ni ya mota, kwa sababu mota ikizimwa hupiga cheche zinazounguza midomo ya swichi hadi siku moja ishikamane na isiachie. Anayejua huiwekea pampu kontakta: tayma inaiamrisha koili ndogo, na kontakta ndiyo inayobeba uzito.

Mara nyingine kinachokata si breka bali RCD, ile ya miliampea 30 inayolinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Hapo shaka yangu ya kwanza huwa ni nyutro ya kuazima: taa imepewa fesi ya njia moja, na kwa uvivu wa kuvuta waya, nyutro ikachukuliwa kwenye njia jirani. Shaka ya pili ni maji ndani ya kishikio cha balbu ya nje, hasa masika. Tayma hubebeshwa dhambi zote mbili.

Lakini kitendo ninachokipenda kuliko vyote huja mwishoni. Fundi amezima breka kabla ya kugusa chochote, amejaribu testa yake kwenye umeme ulio hai, akaupima waya, akairudisha testa tena kwenye umeme ulio hai kuhakikisha haikumdanganya. Amefunga, amekaza, amevuta kila waya kidogo kuona kama umeshika. Sasa anapandisha breka na hakunji vifaa. Anakizungusha kwa kidole kisahani chenye vipini 96, kila kimoja robo saa, mpaka saa kumi na mbili jioni inafika palepale saa tano ya asubuhi. Taa zinawaka juani. Anaendelea kuzungusha mpaka alfajiri, zinazima. Anapitisha usiku mzima mbele ya macho yake, kisha anairudisha saa mahali pake. Wapo wanaoliona hilo kuwa mbwembwe za kurefusha kazi.

Kuna pia hesabu ya saa. Mwenye nyumba akisema saa kumi na mbili jioni, kipini kinakaa kwenye 18, la sivyo taa zitawaka adhuhuri. Tumejaliwa kitu kimoja: Dar es Salaam jua halibadilishi saa ya kuzama kwa zaidi ya saa moja mwaka mzima. London huzama kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba na baada ya saa tatu usiku mwezi Juni, na tayma ya kule inataka kurekebishwa kila mara. Yetu ingeweza kusahaulika, isipokuwa kwa kukatika kwa umeme. Tayma ya kisahani isiyo na betri huendeshwa na mota inayofuata mitetemo 50 ya umeme kwa sekunde. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu, nayo inalala muda huo huo, na jioni ile taa zitawaka saa tatu usiku. Fundi anayejali humwambia mteja hivyo kabla hajaenda dukani, na humshauri aongeze hela kidogo anunue yenye betri ya akiba.